Dada wa Supu na Misa ya Dominika



Mwezi Juni 2024 mimi na frateri mwenzangu tulikuwa safarini kutoka Songea kwenda Iringa. Basi likaharibika njiani, tukaingia Makambako Jumamosi usiku tumechoka, tukalala gesti karibu na stendi. Anayeijua Makambako mwezi wa sita anaijua baridi yake. Asubuhi tulisali Misa ya kwanza, na kusema kweli tulipotoka kanisani tulikuwa na jambo moja tu kichwani: supu.

Mgahawa ulikuwa umejaa, na karibu wote tuliokuwemo tulitoka Misa ileile. Watoto walikuwa na nguo zao za Dominika, wanakwaya na sare zao. Mwenye mgahawa alikaa mlangoni akipokea fedha, amevaa kitenge cha WAWATA. Tulikuwa tumemwona kanisani, benchi za mbele. Tukaagiza supu ya ng'ombe, chapati mbili mbili na chai ya maziwa yenye tangawizi. Mwenzangu, ambaye kwenye supu hana utani, akaomba limao la ziada.

Dada aliyetuhudumia alikuwa na rozari shingoni. Alipoona tunafanya ishara ya msalaba akauliza, "Kaka zangu, mmetoka Misa? Injili ya leo imesemaje?"

Tukatazamana. Ni aibu kuandika haya, lakini ilituchukua muda kukumbuka. Mwenzangu ndiye aliyeokoa jahazi: mtu alipanda mbegu, akawa analala na kuamka, mbegu ikaota asijue ilivyoota. Dada akacheka. "Huyo alilala. Mimi nimeamka saa tisa." Akaenda zake na sahani za meza ya jirani.

Aliporudi tukamdodosa kidogo. Anawasha moto saa kumi alfajiri, anatoka saa moja jioni. Dominika ndiyo siku yenye wateja wengi kuliko zote, kwa hiyo ndiyo siku ambayo hathubutu kuomba ruhusa. Misa ya Dominika aliisali mara ya mwisho siku ya Pasaka. Jumuiya yake husali Jumamosi alfajiri, nako hafiki.

Ndani ya basi tulibishana mpaka Mafinga. Mwenzangu alisema dada yule hana dhambi, maana mkate wa watoto wake uko pale, na Kanisa linaelewa. Tena tukigoma kula Dominika, yeye ndiye atakayekosa kibarua. Yote mawili nayakubali. Kinachonisumbua ni kwamba tukishasema "hana dhambi" tunaona kazi yetu imekwisha. Dada hakutuuliza kama ana dhambi. Alituuliza Injili imesemaje.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2187, inakubali kwamba migahawa na huduma nyingine zinadai watu wafanye kazi Dominika. Lakini hapohapo inamtaka kila Mkristo aepuke kuwadai wengine mambo yasiyo ya lazima yatakayowazuia kuishika siku ya Bwana. Na amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 haimtaji mwenye nyumba peke yake, inamtaja pia mtumwa wake na mjakazi wake, wapumzike kama yeye. Sisi tuliokuwa mezani asubuhi ile, pamoja na mama wa WAWATA, tulikuwa tumeitimiza amri hiyo nusu.

Naona kuna mambo yanayowezekana. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inaruhusu wajibu wa Misa utimizwe siku yenyewe au jioni ya kuamkia siku hiyo. Najua paroko mwenye vigango kumi hana jioni ya ziada. Wanaodai Misa mpya kila wiki wangepanda pikipiki yake kwanza. Lakini parokia yenye stendi, soko au kituo cha malori inaweza kujaribu hata Dominika moja kwa mwezi, saa mbili usiku, watu wamekwisha kufunga biashara. Halmashauri ya walei iwaulize kwanza hao mama lishe, makondakta na walinzi ni saa ngapi wanaweza. Sidhani kama wamewahi kuulizwa.

La pili ni la wenye migahawa, na wengi wao ni waamini wetu. Wahudumu watatu wanaweza kupokezana: mmoja aende Misa ya kwanza, mwingine ya pili. Supu itachelewa. Sisi wateja tukisubiri dakika ishirini bila kugonga meza, mwenye mgahawa hatakuwa na sababu ya kukataa.

Tulipokuwa tunalipa, mwenzangu alimwachia dada karatasi aliyoandika sura na mistari: Marko 4:26-34. Akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa aproni pamoja na chenji, akaitwa meza ya nne.