Pampu Ingoje Jioni

Wakulima wa Majoreni, nina maombi matatu. La kwanza, ambalo utekelezaji wake hauna gharama ya kutisha: anayepiga dawa shambani asipige asubuhi. Angoje alasiri ipite, jua lianze kushuka, ndipo abebe pampu mgongoni.

Najua kwa nini asubuhi inapendwa. Jua halijawa kali, upepo wa bahari haujaamka, na kibarua anataka amalize mapema aende zake. Lakini saa hizo ndizo nyuki yuko kazini. Tazameni tikiti maji. Ua la kike, lile lenye kitikiti kidogo chenye manyoya chini yake, hufunguka siku moja tu. Likisinyaa mchana, basi. Chavua ya tikiti ni nzito na inanata, upepo hauibebi. Lazima nyuki aitoe kwenye ua la kiume ailete, na safari moja haitoshi. Wataalamu hukadiria ziara nane hivi au zaidi ndipo tunda lijae vizuri. Ziara zikipungua, kitikiti hugeuka njano kikaanguka, au hunenepa upande mmoja na upande wa pili ukabonyea, na mchuuzi akija analisukuma kando kwa mguu. Mkulima hulaumu mbegu. Mwingine huongeza dawa.

Kweli, mahindi huchavushwa na upepo, na muhogo tunapanda vijiti. Ugali na muhogo havitakosekana kwa sababu ya nyuki. Lakini karo hailipwi kwa muhogo. Inalipwa kwa korosho, maembe, ufuta, tikiti, na yote hayo yanategemea wadudu, mengine kidogo, mengine sana. Ulimwenguni, Shirika la Chakula na Kilimo linasema karibu robo tatu ya aina za mazao ya chakula yanategemea wachavushaji kwa kiasi fulani.

Kuna wanaosema nyuki wanauawa na ugonjwa uliotoka ng'ambo, sisi tufanye nini. Ni kweli kupe mdogo aitwaye varroa alithibitishwa Kenya mwaka 2009, na huko Marekani na Ulaya amemaliza mizinga mingi. Ila nyuki wetu wa Afrika ni wakali na wagumu: utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulimkuta kupe huyo karibu kote nchini, na bado makundi yalikuwa yanaishi naye. Dawa ya pampu ni jambo jingine, na hiyo tunainunua wenyewe. Someni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Mkiona jina imidacloprid, jueni Umoja wa Ulaya uliizuia mwaka 2018 isitumike kwenye mashamba ya wazi, kwa ajili ya nyuki. Dawa hiyo hupenya mti mzima hadi kwenye nekta, kwa hiyo kungoja jioni hakutoshi. Mazao yakiwa na maua, iacheni kabisa.

Ombi la pili linahusu mikoko: tusiikate, tutundike mizinga ndani yake. Mchu ukichanua vile viua vyake vidogo vya manjano, nyuki hupata chakula ambacho mvua ya bara ikikosa hakipatikani kwingine. Mikoko iliyotunzwa huleta pia pesa: watu wa Gazi walianza mradi wa kuuza hewa ya ukaa ya mikoko yao mwaka 2013, kisha Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata. Sisi tuko katikati ya Shimoni na Vanga, mikoko tunayo, na mizinga ikitundikwa ndani yake hulinda pia: mwenye shoka hufikiri mara mbili akisikia mvumo juu ya kichwa.

La tatu ni kundi likitua darini au kwenye mwembe wa uani. Tafadhali, msiwashe mwenge wala msimwage mafuta ya taa. Muiteni mrina asali aje usiku na mzinga wake. Yeye atapata kundi, nanyi mtalala kwa amani. Watoto na mbuzi wakae mbali mpaka afike, maana nyuki wa huku hawana mzaha.

Maimamu wetu hawatakosa la kusema Ijumaa. Sura nzima ya 16 ya Kurani ina jina la nyuki. Wazee wa mtaa nao walete jambo hili kwenye baraza la chifu, wakubaliane kijiji kizima, maana nyuki huruka kilomita mbili tatu, na shamba moja likipigwa dawa saa mbili asubuhi, mizinga ya majirani wote imeingia hatarini. Anayelazimika kupiga dawa amjulishe mwenye mizinga siku moja kabla. Na wenye maduka ya dawa za kilimo waandike ukutani, kwa herufi kubwa, namba za simu za wafuga nyuki wa hapa waliokubali, ili mnunuzi asiondoke na chupa bila kujua ampigie nani.