Uafrika Uliochongwa Offenbach

Wiki iliyopita niliombwa kuidhinisha bango la kongamano la fasihi ya Kiswahili. Rangi zilipendeza na tarehe zilikuwa sahihi, lakini kichwa kilikuwa kimeandikwa kwa herufi nene zenye kingo kali, kana kwamba zimechongwa kwa shoka. Nilimwuliza mwanafunzi aliyelisanifu kwa nini amezichagua. Akanijibu kwa heshima: "Mwalimu, hizi zina Uafrika."

Fonti hiyo inaitwa Neuland. Aliibuni Mjerumani Rudolf Koch mwaka 1923, kwa ajili ya kiwanda cha herufi za chapa cha Klingspor mjini Offenbach. Hakuichora kwanza karatasini; aliichonga moja kwa moja katika chuma, ndiyo maana ina ukali ule wa mkono. Haina herufi ndogo hata moja. Lithos, fonti nyingine inayopewa kazi hiyohiyo, ilibuniwa na Mmarekani Carol Twombly mwaka 1989 kutokana na maandishi ya mawe ya Wagiriki wa kale.

Uafrika huo umetoka wapi, basi? Umetoka kwa wachapishaji na watangazaji wa Magharibi waliohitaji alama ya haraka ya pori. Waliibandika Neuland kwenye majalada ya vitabu vya waandishi weusi na kwenye matangazo ya safari. Mwaka 1993 aina yake yenye mstari mweupe ndani ilipamba jina la filamu ya Jurassic Park. Herufi zinazotangaza dinosaria ndizo tunazozitumia kutangaza fikra zetu!

Nitaambiwa kwamba herufi ni pambo tu. Sikubali. Jalada husomwa kabla ya kitabu. Riwaya ya Mfaransa huchaguliwa herufi kwa kutazama maudhui yake. Ya Mwafrika huchaguliwa kwa kutazama bara lake. Huo ni ubaguzi, hata ukiwa na rangi za kuvutia.

Simlaumu Koch. Kazi yake ni njema kwa kichwa kifupi kinachohitaji uzito, ingawa humchosha msomaji ikipewa aya nzima. Ninaowalaumu ni sisi, tunaonunua picha yetu kwa wengine na kuitundika ukutani kama urithi. Waswahili waliandika tenzi kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa. Milango ya Zanzibar ina maandishi yaliyochongwa kwa ustadi. Kanga hubeba usemi wake kwa herufi kubwa zilizo wazi, zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Kila siku tunavipita vyote hivi bila kuvitazama.

Nanyi maofisa mnaoidhinisha mabango ya utalii na vipeperushi vya wizara, ulizeni swali moja kabla ya kutia saini: herufi hizi zinamwambia nini mgeni kuhusu sisi, na nani aliyezipa kazi ya kutusemea?

Bango lile sikulitia saini. Nilimwomba mwanafunzi wangu aitazame kwanza kanga iliyoko nyumbani kwao, ndipo afungue tena orodha ya fonti katika kompyuta yake.