Kawia Ufike, Lakini Usitelekezwe

Wapo miongoni mwetu wazazi wanaofunga safari kwenda kuwatembelea watoto wao waliohamia Ulaya na Marekani. Wakifika huko katikati ya majira ya baridi, hushangaa kuambiwa kwamba ndege iliyo mbele ya macho yao haitaruka kwa sababu ya theluji.

Sababu hiyo si ndogo. Ndege huinuliwa na umbo la mabawa yake, na hata tabaka jembamba la barafu huliharibu umbo hilo. Ndiyo maana kabla ya kuruka hunyunyiziwa maji ya moto yaliyochanganywa na glikoli. Kinga hiyo ni ya muda tu. Foleni ikirefuka huku theluji ikiendelea kuanguka, ndege hurudi kunyunyiziwa upya. Tarehe 13 Januari 1982, mjini Washington, ndege ya Air Florida iliruka ikiwa na theluji mabawani. Iligonga daraja, ikatumbukia katika mto Potomac, na watu 78 wakafariki. Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini wahenga walisema: kawia ufike.

Hata hivyo, theluji isigeuzwe kichaka cha kuficha uzembe. Desemba 2022 dhoruba kali iliikumba Marekani na kuyaathiri mashirika yote. Mengi yalijirekebisha baada ya siku chache, lakini Southwest ilifuta safari zaidi ya 16,000. Mfumo wake wa kuwapangia marubani na wahudumu kazi ulilemewa. Ndege zilikuwepo, wafanyakazi walikuwepo, ila hawakuweza kukutanishwa. Abiria zaidi ya milioni mbili walikwama. Mwaka uliofuata, serikali ililiadhibu shirika hilo kwa dola milioni 140.

Basi tutenganishe mambo mawili. Theluji haina wa kulaumiwa. Kumtelekeza abiria kuna wa kulaumiwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya inatambua tofauti hiyo. Hali mbaya ya hewa huliondolea shirika wajibu wa kulipa fidia ya fedha, lakini hailiondolei wajibu wa kumpa abiria chakula wakati wa kusubiri, na malazi ikibidi alale. Haki hiyo ni ya kila anayeondokea katika viwanja vya Umoja huo, hata kama anarudi Dar es Salaam.

Kwa hiyo, mwenye kusafiri na familia anunue tiketi moja ya safari nzima, ili akikosa ndege ya kuunganisha shirika limtafutie nyingine. Dawa za wazee, maziwa ya mtoto na nguo nzito viwe katika mkoba wa mkononi, si katika mizigo iliyokwisha kupokewa. Stakabadhi za chakula na malazi zitunzwe.

Rubani akisema ngoja, tungoje kwa moyo mkunjufu. Ila tukiachwa na watoto sakafuni usiku kucha, tuidai haki yetu kwa adabu na bila woga. Kusubiri hakumaanishi kunyamaza.