Mpeni Benni muda

Jamani Wakenya wenzangu, mbona mlikata tamaa na kocha wa timu yetu ya taifa, Benni McCarthy, mapema hivyo? Machi 2025 tulitoka sare ya 3-3 na Gambia, kisha Gabon wakatufunga 2-1 uwanjani Nyayo, basi mkaanza kudai afukuzwe! Kocha huyu alitwaa Ligi ya Mabingwa na Porto mwaka 2004, halafu akawanoa washambuliaji wa Manchester United. Hapa Tooting, London, tuliitazama mechi ya Gabon tukiwa tumesongamana kwenye simu moja. Mshambuliaji wao Aubameyang alituumiza, kweli. Lakini mliona vijana wetu wakipokonywa mpira? Walirudi mbio kuutafuta, hakuna aliyesimama kushika kiuno. Hiyo ni kazi ya kocha.