Risasi Ipi kwa Mnyama Yupi?

Kijana mmoja aliyepata kazi ya uaskari wa wanyamapori ameniandikia barua fupi akiuliza ni bunduki gani yenye nguvu kuliko zote, ili siku atakapopewa nafasi ya kuchagua ghalani asije akajuta. Akina mama wanisamehe; juma hili hatutazungumzia mihogo kama nilivyoahidi. Hata hivyo nawaomba wasifunge gazeti, kwa maana habari hii itaishia jikoni.

Kabla sijamjibu, yafaa nieleze jambo nililolishuhudia. Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu katika shule ya msingi iliyo kando ya hifadhi moja, huku kwetu Uganda. Alfajiri moja dume la nyati liliingia katika mashamba ya mahindi. Askari aliyekuwa karibu alikuwa na bunduki ya kivita, ile ya milimita 7.62 ambayo hata watoto huichora katika madaftari yao. Akapiga mara nne. Tuliona damu juu ya mabua, na nyati akatokomea katika vichaka vya mtoni. Kwa siku tatu njia ya kwenda shule ilifungwa. Siku ya pili mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa akitafuta mbuzi wake, alikutana na nyati yule ana kwa ana. Mzee alipona, lakini mguu wake haukunyooka tena hata leo.

Siku ya tatu alikuja askari mwingine mwenye bunduki ya kuwindia ya kipimo cha .375, akamaliza kazi kwa risasi mbili. Mnyama alipochunwa tulizitafuta zile nne za kwanza. Mbili zilikuwa zimetoboa nyama ya bega na shingo bila kufika kifuani. Moja ilizama tumboni, katika majani mabichi yaliyotafunwa, ambayo huizuia risasi kama gunia la mchanga. Ya nne hatukuiona. Askari wa kwanza hakuwa mzembe wala mwoga. Alitumia alichopewa, na alichopewa kilitengenezwa kwa ajili ya vita.

Tuanze na hizo namba, kwa kuwa ndizo zinazowababaisha wengi. Namba ya .375 ni kipenyo cha risasi kwa inchi, yaani milimita 9.5 hivi. Watu wa Bara la Ulaya hupendelea milimita: 7x57 maana yake ni risasi ya milimita 7 katika ganda lenye urefu wa milimita 57. Majina mengine hayafuati utaratibu wowote. Katika .30-06, ile 06 si kipimo, bali ni mwaka 1906 ambao Wamarekani waliikubali kwa jeshi lao. Uzito nao hutajwa kwa greini, na greini 15 na nusu hivi ni sawa na gramu moja.

Sasa tulinganishe. Risasi ile ya kivita ina uzito wa gramu 8 hivi na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 715 kwa sekunde. Nguvu yake haizidi sana jouli 2,000. Risasi ya kawaida ya .375 ina gramu 19.4, kasi ya mita 770 hivi, na nguvu ya jouli 5,700. Wanafunzi wangu walijifunza kwamba uzito ukiongezeka maradufu nguvu nayo huongezeka maradufu, ilhali kasi ikiongezeka maradufu nguvu huongezeka mara nne. Kwa sababu hiyo vijana hupenda kasi. Lakini risasi nyepesi yenye kasi kubwa ikikutana na mfupa wa bega la nyati hupasuka na kuishia pale pale, wakati ile nzito na ndefu, japo iende polepole, huendelea na safari yake. Nguvu ya kwenye karatasi haimwangushi mnyama. Kinachomwangusha ni jeraha linalofika moyoni, katika mapafu au katika ubongo.

Hapa ndipo aina ya risasi inapokuwa na uzito kuliko ukubwa wake, na ndipo nitakapokaa kidogo. Risasi za kuwindia ni za namna mbili kubwa. Ya kwanza ina ncha laini: madini ya risasi yamevikwa gamba la shaba, ila ncha imeachwa wazi. Ikiingia mwilini hutanuka kama uyoga, ikapasua njia pana. Ya pili ni ngumu, imefunikwa kote kwa gamba nene au imetengenezwa kwa shaba tupu. Haitanuki, bali hupenya moja kwa moja. Katika vita risasi zinazotanuka zilipigwa marufuku na mapatano ya The Hague ya mwaka 1899, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa za kikatili mno. Porini mambo ni kinyume. Swala aliyepigwa risasi ngumu ya kijeshi hutobolewa tundu dogo, akakimbia kilomita kadhaa, akafa kesho yake mahali ambapo fisi peke yao ndio watakaomkuta. Kwake yeye, ile inayotanuka ndiyo yenye huruma.

Basi kijana wetu na azingatie hivi. Kwa kanga na kwale ni marisau, wala hapana haja ya maneno mengi. Digidigi, ambaye hazidi kilo tano au sita, atatosheka na risasi ndogo kabisa. Ukimpiga kwa kubwa utaokota pembe na kwato. Kwa swala pala na ngiri, .243 yenye risasi ya gramu 6.5, au 7x57 ya gramu 9, zinatosha sana, mradi ncha iwe laini. Kwa kuro, punda milia na tandala mkubwa, waliofikia kilo mia mbili na zaidi, mwindaji hupanda hadi .30-06 yenye risasi ya gramu 11.7, iliyoundwa imara ili isivunjike upesi. Pofu ni mpole, lakini dume lake laweza kukaribia kilo 900, na wengi huona ni busara kumpiga kwa .375.

Chui na simba wanatufundisha kwamba hatari si kilo. Chui ni mwepesi kuliko watu wengi wanaosoma ukurasa huu, na ngozi yake ni nyembamba. Risasi ngumu humpita kama sindano, naye akabaki na nguvu zote za kukurudia. Simba vilevile hupigwa kwa ncha laini, ijapokuwa sheria za nchi nyingi za Afrika zimeweka .375 kuwa kipimo cha chini kwa wanyama wote wa hatari. Kwa nyati wengi hutanguliza risasi moja ya ncha laini iliyo imara sana, kisha zote zinazofuata zikawa ngumu, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa aghalabu hugeuza mgongo au huja uso kwa uso, na hapo kinachotakiwa ni kupenya. Kwa tembo na kiboko ni ngumu tu: .375, .404, .416 au .458. Tahadhari moja: risasi ngumu usiipige ndani ya kundi, maana itampita uliyemlenga ikamwue au kumjeruhi aliye nyuma yake.

Najua kijana atanitajia habari za yule Mskoti Bell, aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya safari zake za pembe za ndovu kaskazini mashariki mwa nchi yetu mwanzoni mwa karne iliyopita. Ni kweli kwamba aliua zaidi ya tembo elfu moja, na wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, ambayo leo tungemshauri mtu ampigie swala. Lakini anayeishia kwenye namba ya bunduki ile amesoma nusu ya habari. Bell alitumia risasi ngumu, nzito na ndefu za gramu 11 hivi, na alilichunguza fuvu la tembo mpaka akajua ubongo ulipo kutoka kila upande. Nusu nyingine ya habari ni hesabu ya tembo wenyewe, ambayo haifurahishi mtu yeyote leo. Uwindaji wa leseni nchini Uganda ulifungwa mwaka 1979, na uliporudishwa kwa majaribio kandokando ya Ziwa Mburo mwaka 2001, ulirudi kwa idadi na masharti.

Kwa hiyo swali lake nalijibu hivi: achague bunduki kubwa ya kutosha ambayo haiogopi. Wapo wanaopewa .458, bega likaumia siku ya kwanza, na tangu hapo kila wakikaribia kufyatua hufumba macho. Mtu huyo angekuwa salama zaidi na .375 aliyoizoea. Afanye mazoezi ya kulenga ubavuni, akifuata mguu wa mbele kwenda juu hadi theluthi moja ya mwili, kwani moyo umekaa chini kuliko wengi wanavyodhani. Na akijeruhi, asirudi nyumbani.

Nimeahidi kufika jikoni. Lugha yetu imeipa risasi jina la madini yake, na madini hayo ni sumu. Risasi ya ncha laini ikitanuka humwaga vipande vidogo sana ambavyo picha za eksirei zimevionyesha vikiwa mbali na jeraha lenyewe. Mama akipata mgawo wa nyama iliyowindwa kwa kibali, akate na kutupa sehemu yote iliyovilia damu pamoja na shubiri moja zaidi kuizunguka, wala asimpe mbwa. Kuosha hakusaidii, kuchemsha hakusaidii, na siki au ndimu huzidisha madhara kwa kuyayeyusha madini yale. Mamlaka za chakula za Uingereza na Ujerumani zimewashauri watoto wadogo na wajawazito wajiepushe na nyama ya namna hiyo. Jimbo la California huko Marekani lilikataza kabisa risasi za madini hayo katika uwindaji kuanzia Julai 1, 2019, na sasa zipo za shaba tupu zinazotanuka bila kumwaga vipande. Bei yake ni kubwa. Ghala likiwa nazo, kijana azichukue hizo.

Mihogo tutaizungumzia juma lijalo, pamoja na siku za kuiloweka.