Keki ya Karatasi Arusini
Twaulizwa: je, yafaa Wakristo kuweka arusini keki isiyolika, ya kutazamwa tu?

Mwaka 1940, wakati wa vita, serikali ya Uingereza ilikataza keki kupambwa kwa sukari. Basi maarusi wengine walikodi kifuniko cheupe cha karatasi ngumu, wakafunikia keki ndogo. Hawakumdanganya mtu, maana katazo lilijulikana na wote.

Sisi twaona hivi: kukodi ili kuepuka deni ni busara; kukodi ili kujionyesha matajiri ni uongo. Kule Kana divai ilipokwisha, Mariamu hakuficha upungufu, bali alimwambia Bwana. Nanyi wazazi, msione haya. Waambieni wageni kweli, na kidogo kilichopo kigaweni kwa furaha.