Kuna wino wa kuosha na wino wa kuweka

MTU wa pwani akihamia bara huulizwa mambo matatu na jamaa zake: samaki humpata wapi, nazi huipata wapi, na adhana huisikia kutoka wapi. Mimi niliyekaa Kakamega miaka mingi nimekwisha kuyajibu yote matatu. Samaki ni wa ziwa, nazi huja na basi, na adhana, alhamdulillahi, ipo tele. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kalamu huipata wapi, na hilo ndilo lililonitia taabu mwaka huu.

Nasomesha watoto madrasa, na siku za mapumziko huwafundisha kuchora. Wako watakaoguna hapa. Nawajibu mapema kwamba hatuchori watu wala wanyama. Imepokewa katika Bukhari kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, akamweleza kuwa riziki yake yatokana na kuchora sura. Ibn Abbas alimkanya, kisha akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Na nani aliyejaaliwa miti kuliko watu wa Kakamega? Msitu tunao mlangoni. Na pale Ilesi, kwenye njia ya Kisumu, lipo lile jiwe maarufu liliaalo, machozi yakitiririka shingoni mwake. Kazi za wanafunzi wangu ni hizo: majani, mizizi, mawe, milango ya nakshi ya kwetu Lamu ninayowaeleza kwa maneno, na hati za Kiarabu.

Basi tulijiandaa kwa Maulidi. Kila mtoto alipewa karatasi moja nzuri na kalamu nilizozinunua dukani kwa bei rahisi, za ncha laini, zenye weusi wa kupendeza. Msichana mmoja alikaa wiki tatu akichora mkuyu mmoja mkubwa, jani kwa jani. Tukazibandika kazi zote ukutani. Wanaoijua Kakamega wanajua kwamba mvua hapa haiombi ruhusa. Jua likipinduka tu, mbingu hufunguka. Usiku huo bati likavuja. Asubuhi tulikuta ukuta una michirizi ya zambarau, na ule mkuyu umekuwa doa. Mtoto hakulia. Aliniuliza tu, "Maalim, kwani wewe hukujua?"

Swali lile lilinichoma, kwa sababu jibu lake ni kwamba nilipaswa kujua.

WAZEE WALIJUA

Sisi watu wa pwani tangu zamani tunazo wino mbili. Iko ya kuosha na iko ya kuweka. Mwalimu akiandika kombe kwa zafarani katika sahani nyeupe, hataki maandishi yale yakae. Yataoshwa kwa maji, mgonjwa anywe. Ubao wa chuoni nao huandikwa ili ufutwe, somo jipya liingie. Lakini wale waliokuwa wakinakili misahafu pale Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na ya 19, hawakutumia wino wa kombe. Walichagua wino, wakachagua karatasi, wakachonga kalamu kwa kipimo cha herufi. Ndiyo sababu baadhi ya misahafu ile tunayo hadi leo.

Mfano mwingine ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa malenga, mwandishi wa hati na mchonga mbao. Wazungu waliokuwa wakisoma Kiswahili walimpa kazi ya kunakili tenzi, na miswada yake mingine imehifadhiwa London. Mkono uliochonga mlango ndio uliochonga kalamu. Mtu kama huyo hakuingia dukani akasema, "Nipe yoyote."

Nao ustadi huu ni wa mbali zaidi ya Lamu. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyekufa mwaka 940, aliipima kila herufi kwa nukta inayotokana na ncha ya kalamu yenyewe. Maana yake ni kwamba ukibadili ncha, umebadili kila kitu. Dini yetu ina sura nzima, ya 68, inayoitwa Kalamu. Yastahili kweli sisi ndio tuwe watu wa kusema kwamba kalamu ni kalamu tu?

ZIPI ZA KUCHAGUA

Ninavyoona mimi, mchoraji aulize mambo matatu kabla ya kutoa pesa yake: wino huu wavumilia maji, wavumilia jua, na ncha hii yaufaa mkono wangu?

Biro, ambayo imebeba jina la Bíró, yule Mhungaria aliyeivumbua, ni kalamu njema ya kuandikia barua na hesabu za duka. Kwa mazoezi siikatazi. Lakini wino wake wa kawaida ni wa rangi iliyoyeyushwa, na rangi ya namna hiyo jua huila polepole. Vivyo hivyo kalamu nyingi za ncha laini za bei rahisi, kama zile zilizonifedhehesha.

Wino wa kudumu ni ule wenye chembechembe za rangi yenyewe ndani yake, hasa masizi. Masizi hayajali jua. Ila hapa pana mtego: masizi yaliyochanganywa na gundi ya mgunga, kama walivyofanya wazee, hayapauki lakini maji huweza kuyang'oa. Wino mweusi wa chupa unaoitwa wa Kihindi, uliotiwa lakiri, ukikauka haung'oki kwa maji. Nao una adabu yake: usiutie kamwe katika kalamu ya kujaza wino, kwani utaganda ndani na kalamu hiyo utaizika. Huo ni wa kuchovya, kwa nibu ya chuma au kwa utete.

Kuna kalamu za wachora ramani, kama Rapidograph ya Rotring ya Ujerumani iliyotoka mwaka 1953, yenye mrija mwembamba na waya ndani yake. Mstari wake ni sawasawa mwanzo hadi mwisho. Lakini yataka ishikwe wima, yataka kuoshwa, na ukiisahau mwezi mmoja imeziba. Kwa fundi wa majengo ni chombo. Kwa mtoto wa madrasa ni mzigo. Tena mstari usionenepa wala kukonda haufai hati ya Kiarabu, na jani nalo hulitia ukavu.

Mwaka 1982 kampuni ya Sakura ya Japani ilitoa wino wa chembechembe uitwao Pigma, na kalamu zake za ncha nyembamba zimeenea duniani kote. Ile iliyoandikwa 01 hutoa mstari wa robo milimita, na 05 karibu nusu milimita. Wino wake ukikauka hauogopi maji wala jua. Ubaya wake ni bei, tena ncha huchakaa upesi kwa mtoto mwenye mkono mzito.

Hukumu yangu ni hii. Mtoto aanze na utete. Matete yamejaa kando ya mito yetu huku. Yakaushwe, yachongwe mshazari kwa kisu kikali, yapasuliwe ncha kidogo katikati ili wino ushuke. Mtoto akiiharibu kalamu yake, atachonga nyingine bila kumwomba baba hata senti. Akishajua kunenepesha na kukondesha mstari, apewe nibu ya chuma na wino wa Kihindi. Hizo za Kijapani tuzinunue mbili tatu za shirika, kwa mishipa ya majani na vitu vidogo vidogo.

Na kabla ya kuamini kalamu yoyote, ijaribiwe. Chora mistari miwili katika karatasi, iache ikauke siku nzima. Mmoja udondoshee maji. Wa pili ufunike nusu, uuweke dirishani mwezi mmoja, kisha ufunue utazame. Jaribio hili halina gharama. Mimi sikulifanya, na mtoto wa watu akapoteza wiki tatu.

Mzee mmoja wa msikiti wetu aliniambia, "Maalim, bati lavuja, nawe wataka pesa za wino?" Namheshimu, na kuhusu bati ana haki. Lakini bati hutengenezwa, na mchoro uliooshwa haurudi. Zaidi ya hayo, mtoto aliyeona kazi yake imepotea kwa uzembe wa mwalimu hujifunza kwamba kazi yake haina thamani. Hilo ni ghali kuliko chupa ya wino.

Kazi ya kuchora mimea kwa wino mweusi si ya kupoteza wakati. Kile kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya Mashariki kilichoshughulikiwa kule Kew, Uingereza, kuanzia mwaka 1952 hadi 2012, kina michoro mingi ya namna hiyo, kwa sababu wino huonyesha kila mshipa wa jani. Kwa nini kazi inayofuata isifanywe na mtoto wa Kakamega?

Misafara ya wazee wetu ilifika Mumias karne ya 19, na Uislamu ukaingia huku pamoja na kusoma na kuandika. Walioleta kalamu ni watu wa pwani. Basi ndugu zangu wa Lamu, Mombasa na Malindi, mkija kututembelea, nazi tutashukuru, na halua pia. Lakini msisahau kututilia mfukoni na chupa ya wino, wino wa kuweka. Yule msichana ameanza mkuyu wake upya, na safari hii yeye ndiye aliyenitaka nidondoshe maji kwanza.